Chai na Ugonjwa wa Kusahau: Utafiti Umefika Wapi, na Familia Ifanye Nini

Chai ni kinywaji cha kila boma katika kaunti yetu. Mgeni akifika Kimilili, Kamukuywa au Kapsokwony, kabla ya kuulizwa habari za safari huwa birika limeshawekwa motoni. Ndiyo sababu habari kwamba chai inatibu ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee husambaa haraka. Ni kitu tunachokijua, bei yake si ghali, na kinakuzwa hapa hapa kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Habari hizo zina chembe ya ukweli. Utafiti upo, na sehemu yake umefanywa na wanasayansi Wakenya kwa majani ya chai ya Kenya. Lakini kutoka maabara hadi kikombe cha mzee nyumbani ni safari ndefu, na haijakamilika. Makala haya yanaeleza safari hiyo imefika wapi, ili familia isitumie pesa za dawa ya presha kununua unga wa chai, wala isimweke nyumbani mgonjwa ambaye hospitali ingeweza kumsaidia.

Dimenshia ni nini?

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni jina la kundi la dalili zinazotokea ubongo unapoharibika kiasi kwamba mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri, kuzungumza au kufanya kazi zake za kila siku kama alivyozoea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kila mwaka karibu watu milioni 10 zaidi huipata.

Aina inayojulikana zaidi ni Alzeima, ambayo huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Katika Alzeima, protini mbili huharibika na kuganda ndani ya ubongo. Ya kwanza inaitwa amiloidi, nayo hujikusanya kama madonge nje ya seli za ubongo. Ya pili inaitwa tau, nayo hujisokota kama nyuzi ndani ya seli. Taratibu seli hufa, na ubongo husinyaa. Aina nyingine ya dimenshia husababishwa na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingi kwa mtu mwenye presha au aliyewahi kupata kiharusi.

Kuzeeka peke yake si dimenshia. Mzee akisahau mahali alipoweka jembe, hilo ni jambo la kawaida. Akilishika jembe na asijue ni la kazi gani, hapo kuna tatizo.

Mna nini ndani ya jani la chai?

Chai yote, iwe nyeusi, ya kijani au ya zambarau, hutoka kwa mmea mmoja unaoitwa Camellia sinensis. Tofauti hutokana na aina ya mche na jinsi majani yanavyoshughulikiwa kiwandani.

Majani mabichi, yale mawili na chipukizi ambayo wachumaji huyatia kwenye kikapu, yana kemikali za asili zinazoitwa katekini. Katekini iliyo nyingi na iliyochunguzwa zaidi inajulikana kwa kifupi kama EGCG. Chai ya kijani hukaushwa haraka, hivyo katekini nyingi hubaki. Chai nyeusi, ambayo ndiyo hutengenezwa zaidi katika viwanda vyetu kama Kapsara kule Trans Nzoia na Mudete kule Vihiga, hukatwakatwa na kuachwa ichachuke kabla ya kukaushwa. Katika hatua hiyo katekini nyingi hubadilika kuwa kemikali nyingine, zikiwemo theaflavini, ambazo huipa chai rangi nyekundu na ule ukali wake mdomoni.

Chai pia ina kafeini, inayomfanya mtu awe macho, na theanini, ambayo huenda ikasaidia kutuliza mawazo. Hivyo viwili ndivyo humfanya mtu ajihisi mwepesi kichwani baada ya kikombe cha asubuhi. Wepesi huo ni wa saa chache tu. Haumaanishi kwamba ubongo ulioharibika umepona.

Chai ya zambarau na watafiti wa Kenya

Mwaka wa 2011 Shirika la Utafiti wa Chai mjini Kericho, ambalo baadaye liliwekwa chini ya KALRO, liliwapa wakulima aina mpya ya mche inayoitwa TRFK 306. Majani yake ni ya rangi ya zambarau. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, kemikali zile zile zinazopatikana katika zambarau tunazookota chini ya mti na katika kabichi nyekundu.

Watafiti Wakenya, akiwemo Profesa Francis Wachira, walitaka kujua kama anthosianini hizo zinaweza kufika kwenye ubongo. Swali hilo ni muhimu kwa sababu ubongo una mlinzi wake. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta mwembamba wa seli unaozuia vitu vingi kupita, vyema na vibaya. Dawa nyingi zinazofanya kazi vizuri mwilini hukwama hapo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, panya wa maabara walipewa anthosianini kutoka kwa chai ya zambarau ya Kenya. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya kemikali hizo zilipenya ukuta huo na kuingia kwenye ubongo, na kwamba kiwango cha glutathioni kiliongezeka humo. Glutathioni ni kinga ambayo mwili hujitengenezea ili kuzuia seli zisichakae, mfano wa rangi inayozuia mabati yasishike kutu.

Hayo ni matokeo ya kujivunia. Hata hivyo, yalikuwa matokeo ya panya, na panya hao hawakuwa na dimenshia. Utafiti ulionyesha kwamba njia ya kufika kwenye ubongo ipo. Haukuonyesha kwamba mgonjwa anayekunywa chai ya zambarau atapona, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo.

Maabara za nje zimeona nini?

Nchini Ujerumani, wanasayansi walionyesha mwaka wa 2010 kwamba EGCG ikiwekwa pamoja na amiloidi iliyoganda, hulibadilisha donge hilo kuwa na umbo lisilo na madhara makubwa kwa seli. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya vyombo vya maabara.

Mwaka wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walitumia nyuzi za tau zilizotolewa kwenye ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzeima. Waliona kwamba EGCG hujipenyeza kwenye mianya ya nyuzi hizo na kuzilegeza hadi zinaachana. Lakini walieleza pia matatizo mawili ya EGCG. Haiingii vizuri kwenye ubongo, na hushikamana na protini nyingi mwilini badala ya kwenda moja kwa moja kwa tau. Kwa hivyo watafiti hawakupendekeza watu wanywe chai zaidi. Walichunguza mahali EGCG inapojishikiza, kisha wakatumia kompyuta kutafuta kemikali nyingine zinazoweza kukaa mahali hapo hapo na ambazo zina nafasi nzuri zaidi ya kufika kwenye ubongo.

Tunaweza kusema EGCG ni kielelezo cha ufunguo. Imewaonyesha mafundi umbo la tundu la kufuli, na sasa wanachonga ufunguo mwingine unaoweza kubebwa hadi mlangoni. Dawa ikipatikana siku moja kwa njia hiyo, itakuwa tembe iliyopimwa na daktari, si majani ya kuchemsha.

Na kwa watu wanaokunywa chai?

Nchini Singapore, watafiti waliwafuatilia watu 957 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, na mwaka wa 2016 walichapisha kwamba wale waliokunywa chai kila mara walikuwa na uwezekano mdogo wa kupungukiwa akili, kwa takriban nusu. Uingereza nako, takwimu za watu zaidi ya 365,000 zilizochapishwa mwaka wa 2021 zilionyesha kwamba waliokunywa vikombe 2 hadi 3 vya kahawa pamoja na vikombe 2 hadi 3 vya chai kwa siku walikuwa na hatari ya dimenshia iliyo chini kwa asilimia 28, wakilinganishwa na wasiokunywa kabisa.

Takwimu hizi zinatia moyo, lakini zisomwe kwa makini. Watafiti waliangalia watu walivyoishi, hawakuwagawia chai. Mzee anayekunywa chai kila siku huenda pia ndiye anayeketi na wenzake, anayetembea hadi sokoni, asiyelewa, na mwenye uwezo wa kupata chakula bora. Ni kipi kati ya hivyo kilichoulinda ubongo wake? Watafiti hujaribu kutenganisha mambo hayo kwa hesabu, lakini hayatenganiki yote.

Tena, watu hao walikuwa wazima walipoanza kufuatiliwa. Kupunguza hatari kwa mtu mzima ni jambo moja, na kumtibu aliyeugua tayari ni jambo lingine.

Njia ya kupata jibu la hakika ni kuwagawa wagonjwa katika makundi mawili, moja lipewe dawa na lingine lipewe kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, bila wao kujua ni nani amepewa nini. Jambo hilo lilifanyika Ujerumani kwa EGCG na wagonjwa 92 wa ugonjwa mwingine wa ubongo, ambao pia hutokana na protini iliyoganda. Walimeza vidonge kwa wiki 48. Matokeo yalipochapishwa mwaka wa 2019, yalionyesha kwamba EGCG haikupunguza kasi ya ugonjwa. Isitoshe, baadhi ya waliopewa EGCG walionyesha dalili za kuumia kwa ini.

Hadi leo hakuna mamlaka ya dawa, iwe hapa Kenya au kwingineko, iliyoidhinisha chai au kemikali zake kuwa tiba ya dimenshia.

Jihadhari na unga na vidonge vya "chai ya ubongo"

Kikombe cha chai na kidonge cha kemikali za chai si kitu kimoja. Kidonge kimoja kinaweza kubeba EGCG ya vikombe vingi, na huingia tumboni kwa mkupuo. Mwaka wa 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba kumeza miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku kupitia vidonge kunahusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Chai inayonyweka kwa njia ya kawaida haikuonekana kuwa na tatizo hilo.

Kabla ya kununua bidhaa yoyote inayodaiwa kurejesha kumbukumbu, uliza maswali haya:

• Je, imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa inapaswa kuwa na idhini.

• Je, muuzaji anamwambia mgonjwa aache dawa za presha, kisukari au kifafa? Akisema hivyo, ondoka. Kuacha dawa za presha ghafla kunaweza kuleta kiharusi.

• Je, inadaiwa kutibu kila kitu, kuanzia saratani hadi nguvu za kiume? Hakuna dawa ya namna hiyo.

• Je, gharama yake itakula pesa za chakula na matibabu? Mzee anayepokea Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zisiishie kwenye mkebe wa unga.

Unywe chai vipi?

Endelea kunywa chai yako. Si lazima ununue chai ya bei ghali. Yafuatayo yatakusaidia upate faida bila madhara:

• Punguza sukari. Kisukari ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia. Vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku ni vijiko 12 kabla hujahesabu soda na mandazi.

• Iache ipoe kidogo. Mwaka wa 2016 shirika la WHO linalotafiti saratani lilieleza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Saratani hiyo huwapata watu wengi katika maeneo ya magharibi mwa Kenya. Chai inayochoma ulimi haijawa tayari kunyweka.

• Usiinywe pamoja na chakula kama una upungufu wa damu. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Mama mjamzito anayetumia tembe za chuma asizimeze kwa chai. Asubiri angalau saa moja.

• Wazee wasinywe chai kali usiku. Kafeini hufukuza usingizi, na mgonjwa wa dimenshia asiyelala huamka na kutangatanga gizani.

• Chai ya maziwa au strungi? Protini za maziwa hushikamana na baadhi ya kemikali za chai, lakini watafiti hawajakubaliana kama hilo lina uzito wowote kwa afya. Kwa mzee anayekula kidogo, maziwa yana faida yake.

Yale yenye ushahidi mkubwa zaidi kuliko chai

Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu lililoteuliwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Yakishughulikiwa yote tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi yako mikononi mwetu:

• Presha, kisukari na mafuta mengi kwenye damu. Pima na utumie dawa bila kuruka siku. Wahudumu wa afya ya jamii hubeba mashine za kupima presha na sukari, nao hufika hadi nyumbani kwako.

• Kuumia kichwa. Vaa helmeti kila unapopanda bodaboda, hata kama safari ni ya kutoka stendi hadi nyumbani.

• Pombe na sigara. Chang'aa huharibu ubongo moja kwa moja.

• Masikio na macho. Mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiotumika hudhoofika. Wakati mwingine kinachohitajika ni kuondolewa nta masikioni au kupata miwani.

• Moshi. Jiko la kuni lisilo na bomba la moshi linaumiza mapafu na pia ubongo.

• Upweke na huzuni. Mzee ahusishwe: ombeni naye, mpeni kazi nyepesi ya kuchambua maharagwe, watoto wamsikilize hadithi zake.

• Elimu ya watoto na mazoezi ya mwili kwa kila umri, pamoja na kuepuka unene wa kupindukia.

Dalili za kutazama

Mpeleke mzee akaonwe na mhudumu wa afya ukiona mojawapo ya haya yakiendelea kwa wiki au miezi:

• Anauliza swali lile lile mara kwa mara ndani ya muda mfupi.

• Anapotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote.

• Anashindwa kuhesabu chenji au kupika chakula alichozoea.

• Anakosa maneno ya kawaida, au hawatambui watu wa nyumbani.

• Tabia yake imebadilika: ana hasira, hofu, au anashuku kwamba anaibiwa.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja, watakuelekeza kwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kimilili, Webuye au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Bungoma. Beba dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na umpeleke mtu anayeishi naye ili aeleze mabadiliko yalianza lini.

Usikubali kuambiwa na jirani kwamba "ni uzee tu." Kuna hali zinazofanana na dimenshia na ambazo zinatibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, sonona, madhara ya dawa fulani, au damu iliyovuja ndani ya kichwa baada ya kuanguka. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hiyo ni dharura. Huenda ana malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo au kiharusi. Mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo.

Hata kama ni Alzeima yenyewe, kuna dawa kama donepezili zinazoweza kupunguza makali ya dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Haziponyi, lakini pamoja na utunzaji mzuri zinaweza kumwezesha mzee kuvaa, kula na kuzungumza na watu wake kwa kipindi kirefu zaidi. Jisajili na SHA wewe na wazee wako mapema, ili ugonjwa usikukute huna mpango.

Si uchawi, wala si laana

Mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, au anayeingia boma la mtu akidhani ni kwake, anaweza kudhaniwa kuwa mchawi. Dhana hiyo inaua. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Yasitokee kwetu.

Ukimkuta kuka au kukhu barabarani usiku akiwa hajijui, zungumza naye kwa upole, mketishe, mpe maji, kisha umpigie jirani, mzee wa mtaa au chifu ili arudishwe nyumbani. Familia nayo iwaeleze majirani mapema kuhusu hali ya mzee wao. Ugonjwa ukifichwa, wanaomwona usiku hawatajua kwamba ni mgonjwa.

Anayemtunza mgonjwa naye asisahauliwe. Mara nyingi ni binti au mke wa mwana, anayebeba mzigo huo mchana na usiku. Wanafamilia wapokezane zamu, na walio Nairobi au Eldoret watume usaidizi bila kusubiri kuombwa. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya husaidia familia kwa mafunzo na vikundi vya kuzungumza, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukueleza huduma zilizo karibu.

Ukikumbuka mambo matatu

1. Kemikali za chai zinachunguzwa kama njia ya kupata dawa ya dimenshia, na chai ya Kenya ni sehemu ya utafiti huo. Bado si tiba.

2. Kunywa chai ya kawaida, yenye sukari kidogo na isiyochoma. Epuka vidonge na unga visivyosajiliwa.

3. Mzee anayebadilika apelekwe hospitalini mapema, na kila mtu aliyefikisha miaka 40 apime presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Muulize mhudumu wa afya ya jamii atakapopita bomani mwako, au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.